Namna ya Kusoma na Kufundisha Imani ya Wahindu Kuhusu Karma, Kuzaliwa Tena na Tabaka

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwalimu wa elimu ya dini, mwanafunzi wa chuo, au msomaji wa kawaida anayetaka kuieleza imani ya Wahindu kwa haki, bila kuipamba na bila kuibeza. Mara nyingi habari hii hufupishwa katika mnyororo mmoja: mtu hutenda, akifa huzaliwa tena kulingana na matendo yake, na tabaka alilozaliwa ndani yake ni hukumu ya matendo hayo. Kila pingili ya mnyororo huo ina ushahidi wake katika maandiko, lakini mnyororo mzima ukishikwa hivyo ulivyo humpotosha msomaji. Imani ya karma, yaani kwamba kila tendo huzaa tunda lake kwa mtendaji, na ya kuzaliwa tena ni jambo moja, na mpangilio wa matabaka ni jambo jingine. Mambo hayo yalifungwa pamoja katika maandiko ambayo yanaweza kutajwa kwa sura na mstari, na tangu zamani wamekuwapo Wahindu waliolifungua fundo hilo au waliojaribu kulikata. Kwa hiyo njia ninayoipendekeza ni kusoma kila jambo peke yake kwanza, kisha kutafuta mahali yanapokutana, na ndipo kuwasikiliza waliobishana juu ya kukutana huko.

Anza na safari ya nafsi

Kitabu cha kufungua kwanza ni Upanishadi ya Brihadaranyaka. Upanishadi ni maandiko matakatifu ya tafakuri ya Wahindu, na hii ni mojawapo ya zile kongwe zaidi, ambayo wataalamu wengi huiweka karibu na karne ya 7 au ya 6 kabla ya Kristo. Soma sehemu mbili tu, tena fupi. Katika ya kwanza, iliyo katika sura ya 3, mwanachuoni aitwaye Artabhaga anamuuliza mwenye hekima Yajnavalkya swali zito mbele ya hadhara ya mfalme Janaka: mtu akifa, sauti yake ikaingia motoni, pumzi yake ikaingia katika upepo na jicho lake likaenda kwenye jua, yeye mwenyewe huwa wapi? Yajnavalkya hajibu hadharani. Anamshika mkono, wanatoka kando wawili tu, na andiko linasema kwamba walichozungumza huko ni karma, kwamba mtu huwa mwema kwa tendo jema na mwovu kwa tendo ovu. Mwalimu asiliruke tukio hili, kwa sababu linaonyesha kwamba fundisho ambalo leo hutajwa kana kwamba lilikuwapo tangu mwanzo wa Uhindu lilipokewa kwanza kama elimu ya faragha. Nyimbo za Rigveda, andiko kongwe zaidi la Wahindu, zilizotangulia hazina mafundisho kamili ya kuzaliwa tena.

Sehemu ya pili iko katika sura ya 4, ambamo nafsi inayoagana na mwili inafananishwa na kiwavi ambaye, akifika kwenye ncha ya unyasi, hushika unyasi mwingine kwanza ndipo akajivuta kuuacha ule wa awali. Hapo weka wazi kwa wanafunzi wako ni kitu gani kinachosafiri. Atman, yaani nafsi ya ndani kabisa, haizaliwi wala haifi. Kinachohama pamoja nayo ni mwili mwembamba usioonekana, unaobeba mielekeo na alama zilizoachwa na matendo. Kumbukumbu za kawaida, kama vile jina, nyumba na nyuso za watoto, kwa kawaida hazivuki, na ndiyo maana swali la mwanafunzi, kwamba mbona hakumbuki maisha yake ya awali, halimtikisi Mhindu hata kidogo.

Sisi tuna msemo kwamba malipo ni hapa hapa duniani, na vijana wengi siku hizi hulitumia neno karma kwa maana hiyo hiyo: mtu kamdhulumu jirani yake, wiki haijapita kapata ajali, basi karma imemrudia. Matumizi hayo yanagusa ukingo tu wa imani yenyewe. Karma haina haraka; tunda la tendo linaweza kungoja maisha mengi kabla ya kuiva. Zaidi ya hayo, tendo jema nalo hufunga, kwa kuwa humrudisha mtendaji katika kiumbe kingine, hata kama ni mungu mdogo katika mbingu ya muda, ili ayale matunda yake mpaka yaishe. Pepo na jehanamu zimo katika maandiko ya Kihindu, lakini ni vituo vya kupita, na mwenye kukaa humo hushuka au hupanda tena kadiri ya akiba yake.

Usiifanye karma kuwa kadari

Walimu wa Vedanta, shule ya falsafa iliyojengwa juu ya Upanishadi, huigawa karma katika mafungu matatu, na mgawanyo huu unafaa sana darasani. Sanchita ni akiba yote iliyolimbikizwa katika maisha yasiyo na hesabu. Prarabdha ni sehemu ya akiba hiyo ambayo imekwisha kuanza kuzaa, nayo ndiyo iliyoleta mwili huu, wazazi hawa na urefu wa umri huu. Kriyamana, ambayo wengine huiita agami, ni ile inayotendwa sasa. Mfano wao wa jadi ni wa mpiga upinde, mwenye mishale iliyomo podoni, mshale uliokwisha kuachwa na mshale ambao bado uko upindeni mwake. Ule ulioachwa haurudi. Hata mtu aliyefikia ukombozi angali hai huendelea kuishi mpaka prarabdha yake imalizike. Ule ulio upindeni, hata hivyo, uko chini ya mkono wake, na hapo ndipo karma inapoachana na kadari kama tunavyoielewa wengi wetu tuliolelewa katika Uislamu au Ukristo. Mwanafunzi anayeandika kwamba Mhindu hukubali kila kitu kwa sababu kimeandikwa amekosea pakubwa, maana hakuna aliyekiandika ila mtendaji mwenyewe, na angali anaandika.

Kisha uliza ni nani anayegawa malipo, kwa kuwa Wahindu wenyewe hawakukubaliana. Mimamsa, shule ya falsafa, ilifundisha kwamba tendo la ibada huacha nguvu isiyoonekana, apurva, inayozaa tunda lake kwa wakati wake, na haikuona haja ya Mungu wa kusimamia hesabu. Wanafikra wa Nyaya, shule nyingine ya falsafa, walijibu kwamba tendo halina akili, hivyo haliwezi kujigawia malipo, na lazima awepo Ishvara, Bwana wa kuyapima. Shankara, mwanafalsafa wa Vedanta ambaye kwa kawaida huwekwa katika karne ya 8 baada ya Kristo, akiifafanua Brahma Sutra, kitabu cha msingi cha shule hiyo, alikabiliwa na pingamizi kwamba Mungu aliyeumba mwenye raha na mwenye dhiki ni mpendeleaji. Akasema kwamba Mungu ni kama mvua, ambayo huotesha mpunga na shayiri vilevile, na tofauti ya mimea hutokana na mbegu. Ukilitambua swali alilokuwa analijibu, yaani swali la haki ya Mungu mbele ya mateso, utaelewa kwa nini karma ilipata mvuto mkubwa: inatoa jibu ambalo halimlaumu Mungu. Bei ya jibu hilo ni kwamba lawama yote inarudi kwa anayeteseka, na suala hilo tutalikuta tena mbele.

Usimalize sehemu hii bila kutaja lengo. Mhindu mcha Mungu anaweza kutamani kuzaliwa pazuri zaidi, na wengi hutamani, lakini maandiko humtaka atamani kutoka kabisa katika samsara, mzunguko wa kuzaliwa na kufa, na kuifikia moksha. Njia zinazotajwa zaidi ni za elimu, upendo wa ibada, na tendo lisilodai malipo. Hii ya mwisho ndiyo kiini cha sura ya 2 na ya 3 za Bhagavad Gita, andiko la mazungumzo ya mungu Krishna na mpiganaji Arjuna. Imani ya watu wengi inaongeza kwamba anayefia Kashi, mji unaoitwa pia Varanasi, hupata moksha kwa rehema ya mungu Shiva, na ndiyo sababu wazee na wagonjwa husafiri kwenda kungojea mauti kando ya mto Ganga na kuchomwa katika ngazi za Manikarnika. Msomaji makini ataona kwamba hapa hesabu ya karma inapitwa na neema, na Wahindu wengi huziamini zote mbili bila taabu.

Kisha soma tabaka, ukitenganisha varna na jati

Sasa weka karma kando kabisa. Mfumo wa tabaka una ngazi mbili, na makosa mengi hutokana na kuzichanganya. Ngazi ya kwanza ni varna, mpango wa maandiko wenye makundi manne. Andiko lake kongwe ni wimbo wa 90 wa kitabu cha 10 cha Rigveda, unaosimulia jinsi miungu ilivyomtoa sadaka Purusha, mtu wa awali: kinywa chake kikawa Brahmani (kuhani), mikono yake ikawa mtawala wa kivita (Kshatriya), mapaja yake yakawa Vaishya (mkulima na mfanyabiashara), na kutoka miguuni akazaliwa Shudra (mtumishi). Wimbo huo hautaji karma wala kuzaliwa tena. Unaeleza jamii kama viungo vya mwili mmoja, huku ukiweka wazi ni nani kinywa na ni nani mguu.

Ngazi ya pili ni jati, nayo ndiyo tabaka ambalo watu huishi ndani yake. Jati ni maelfu, zinatofautiana kutoka jimbo hadi jimbo, na nyingi hazimo katika andiko lolote takatifu. Ukitaka kuijua jati usimuulize mtu anaamini nini. Uliza nani anamwoa nani, nani hupokea maji na chakula kilichopikwa kutoka mikononi mwa nani, nani huingia hekaluni na nani husimama nje, na nani huitwa kuondoa mzoga wa ng'ombe. Waliopewa kazi hizo za mwisho, walioitwa wasioguswa, waliwekwa nje ya varna zote nne, na wengi wao leo hujiita Dalit. Tumia jina hilo, au jina la kisheria la jamii zilizoorodheshwa. Jina la Harijan, yaani watu wa Mungu, ambalo Gandhi alilieneza miaka ya 1930, wengi wao hulikataa kwa kuwa linawahurumia bila kuwapa haki. Kwa sensa ya India ya mwaka 2011 jamii zilizoorodheshwa zilikuwa asilimia 16.6 ya wananchi, watu zaidi ya milioni 200.

Uhusiano wa jati na varna hautulii. Walohana, ambao majina yao ya ukoo yanajulikana katika maduka ya Kampala, Mombasa na Dar es Salaam, wamekuwa wafanyabiashara kwa karne nyingi, lakini masimulizi yao yanawanasibisha na Lava, mwana wa Rama, mfalme wa masimulizi anayeabudiwa, na hivyo na varna ya wapiganaji. Wapatidar, ambao wengi wetu tunawajua kwa jina la Patel, walikuwa wakulima wa Gujarat waliopanda heshima kwa ardhi, biashara na elimu. Mifano hii ni ya kutumia mwanafunzi anaposema kwamba tabaka ni ngazi iliyoganda tangu zamani: mtu mmoja mmoja alikuwa na nafasi ndogo ya kuhama, lakini jati nzima iliweza kusogea, na ilisogea.

Msomaji wa Afrika Mashariki anapaswa kujihadhari na mlango aliouingilia. Wahindu ambao pwani yetu iliwazoea walitoka zaidi Kutch, Kathiawar na sehemu nyingine za Gujarat, na wengi walikuwa watu wa jamii za biashara. Katika karne ya 19 kampuni ya Jairam Shivji, Mbhatia (mtu wa jamii ya wafanyabiashara) wa Kutch, ilikodishwa forodha ya Unguja na kuwakopesha hata watawala. Walikuja pia mafundi na Wabrahmani wa kuhudumia mahekalu, lakini anayelipima tabaka kwa kuangalia mitaa ya Kisutu, Dar es Salaam, au Ngara, Nairobi, anaona kipande kimoja cha katikati, bila kuliona bara ambamo mkulima asiye na ardhi na Dalit wanaishi. Isitoshe, kuvuka bahari kwenyewe kulihesabiwa na Wahindu wengi kuwa unajisi unaomtoa mtu katika tabaka lake, na kwa muda mrefu wafanyabiashara wengi walikuja bila wake zao. Jamii iliyokwisha kulivunja katazo hilo haiwezi kuwa kipimo cha wale waliobaki.

Mahali mambo mawili yanapofungwa

Ukiwa na mambo haya mawili mikononi, fungua Upanishadi ya Chandogya, sura ya 5. Hapo ndipo fundo linapoonekana waziwazi kwa mara ya kwanza: wenye mwenendo mwema wataingia katika tumbo jema, la Brahmani, la Kshatriya au la Vaishya, na wenye mwenendo mchafu wataingia katika tumbo la mbwa, la nguruwe au la Chandala, ambaye ni mtu wa kundi lililotengwa. Wanafunzi wasome mstari huo bila kulainishwa, kwa sababu unamweka binadamu mmoja katika orodha ya mbwa na nguruwe. Wakishamaliza, waonyeshe ni nani anayefundisha pale. Ni mfalme Pravahana Jaivali, Mkshatriya, anayemwambia Brahmani Uddalaka kwamba elimu hii haikuwahi kuwafikia Wabrahmani kabla yake. Kisha warudishe nyuma sura moja tu katika kitabu hicho hicho, kwa Satyakama, kijana aliyetaka kusoma kwa mwalimu na akaulizwa ukoo wake. Mama yake, Jabala, alimwambia kwamba hamjui baba yake, naye akamweleza mwalimu hivyo hivyo. Mwalimu akampokea, akisema kwamba asiye Brahmani asingeweza kusema kweli namna ile. Mtu anaweza kulisoma jibu hilo kuwa ushindi wa tabia dhidi ya nasaba, au kuwa nasaba iliyofichuliwa na tabia, na mabishano ya darasani juu ya hilo huwa na manufaa kuliko mhadhara.

Manusmriti, kitabu cha kale cha sheria na wajibu chenye sura 12, ilikaza fundo zaidi. Sura yake ya mwisho inapanga makosa na malipo yake: ya mwili humfanya mtu kuwa kitu kisichotembea, ya maneno humfanya ndege au mnyama, ya moyoni humzalisha katika watu wa chini. Waonye wanafunzi wasiichukulie kama sheria iliyotumika kila kijiji tangu zamani. Desturi za mahali na mabaraza ya jati yalikuwa na nguvu zaidi, na uzito mkubwa wa kitabu hicho katika mahakama ulitokana na utawala wa Waingereza, waliotafuta sheria ya Wahindu iliyoandikwa. Tafsiri ya William Jones ilichapishwa mwaka 1794. Hilo halikifanyi kitabu kuwa kisafi, na si kazi ya mwalimu kukisafisha.

Bhagavad Gita isomwe mwisho katika kundi hili, kwa kuwa kila upande hupata silaha ndani yake. Katika sura ya 4 Krishna anasema aliumba varna nne kwa mgawanyo wa sifa na matendo, na wapenda mageuzi hushikilia kwamba hakusema kuzaliwa. Katika sura ya 18 kazi za kila varna zinaorodheshwa, na mtu anaambiwa kwamba wajibu wake mwenyewe, hata ukitimizwa vibaya, ni bora kuliko wa mwingine uliotimizwa vizuri. Sura ya 5 inasema mwenye hekima humwona kwa jicho moja Brahmani msomi, ng'ombe, tembo, mbwa na mtu anayekula mbwa. Tafsiri zikiwa mbili au tatu mezani, zilinganishwe katika mistari hii hasa, maana ndipo msimamo wa mfasiri unapojitokeza.

Mtihani mmoja wa kutambua kwamba fundo si la lazima ni kutazama linapokosekana. Wajaini na Wabuddha wanaamini karma na kuzaliwa tena kwa ukali usiopungua ule wa Wahindu, lakini maandiko yao hayaikubali mamlaka ya varna. Upande wa pili, Wakristo wa Kerala na Tamil Nadu, Waislamu wa kaskazini mwa India na Wasingasinga wa Punjab wana mgawanyiko unaofanana na jati, ingawa dini za Wakristo na Waislamu hazina kabisa kuzaliwa tena. Kama tabaka linasimama pasipo karma, na karma inasimama pasipo tabaka, basi kuna kitu kingine kinacholishikilia tabaka, nacho ni ardhi, ndoa na kazi, mambo ambayo darasa la dini hupenda kuyaachia darasa la historia.

Wasikilize waliobishana

Hapa usiwe na haraka. Chukua Chokhamela, mtunzi wa nyimbo za ibada wa karne ya 14 katika nchi ya Maharashtra, aliyekuwa Mmahar, jamii iliyohesabiwa kuwa haiguswi. Alimpenda Vitthal, mungu wa Pandharpur, na hakuruhusiwa kuingia katika hekalu lake. Kaburi lake liko nje, karibu na mlango. Katika wimbo mmoja anaopewa yeye, anaeleza kwamba katika maisha ya awali alimkosea Krishna heshima, na ndiyo maana amezaliwa Mmahar. Mwanawe, Karmamela, hakuyapokea maelezo hayo. Nyimbo zinazohusishwa naye zinamgeukia Mungu mwenyewe na kumuuliza kwa nini amewafanya wanyonge wanaokula mabaki ya watu, na kama haoni haya. Baba anaitumia karma kueleza hali yake na kuivumilia, mtoto anaikataa kama maelezo. Wote wawili ni Wahindu, wanamwimbia mungu mmoja, na walilala nyumba moja. Anayeandika kwamba Wahindu wanaamini mtu amestahili tabaka lake aseme anamnukuu nani kati ya hao wawili. Lango la hekalu la Pandharpur lilifunguliwa kwa watu wa jamii hizo mwaka 1947, baada ya mwalimu na mwanamageuzi Sane Guruji kufunga kula.

Mfano wa pili unatoka mwaka 1934. Tarehe 15 Januari tetemeko kubwa lilibomoa Bihar, kaskazini mwa India, na Gandhi akasema kwamba ni adhabu ya dhambi ya kuwatenga watu. Nia yake ilikuwa kuwageuza Wahindu wa tabaka la juu, lakini mshairi Rabindranath Tagore, aliyeungana naye katika kupinga utengano, alimpinga hadharani, akisema kwamba janga la asili halifungwi kwenye maadili, na kwamba hoja ya namna hiyo inaweza kutumiwa na wapinzani vilevile. Naona mabishano haya yanafundisha zaidi kuliko ufafanuzi wowote, kwa sababu yanaonyesha karma ikitumiwa dhidi ya tabaka, na bado ikileta taabu ile ile: ni rahisi kuisoma katika maumivu ya wengine. Karma inayotazama mbele humwambia mtu ajihadhari na tendo lake la leo. Inayotazama nyuma humwambia jirani kwa nini anastahili kuteseka. Pima kila andiko na kila msemaji kwa kuuliza anatazama upande gani.

Katika kusini, Narayana Guru, aliyezaliwa katika jamii ya Waezhava wa Kerala waliokatazwa mahekalu, aliweka mwenyewe sanamu ya Shiva huko Aruvippuram mwaka 1888, kazi iliyokuwa haki ya Wabrahmani. Tarehe 12 Novemba 1936 mtawala wa Travancore, ufalme wa kusini mwa India, alitangaza kwamba mahekalu yaliyo chini ya serikali yake yako wazi kwa Wahindu wote. Bhimrao Ambedkar, Mmahar aliyesomea New York na London, hakuridhika na milango ya mahekalu. Mwezi Machi 1927 aliwaongoza watu kunywa maji ya bwawa la umma huko Mahad, na tarehe 25 Desemba mwaka huo Manusmriti ikachomwa moto pale pale. Mwaka 1935 alitangaza kwamba alizaliwa Mhindu lakini hatakufa Mhindu, na tarehe 14 Oktoba 1956 aliingia Ubuddha huko Nagpur pamoja na mamia ya maelfu ya wafuasi. Katika Ubuddha alioufundisha, kuzaliwa tena kwa nafsi ile ile kwa ajili ya kulipwa matendo ya zamani kulikataliwa, kwa kuwa aliona kwamba fundisho hilo ndilo linalomzuia maskini asiidai haki yake. Kamati aliyoiongoza ilitayarisha rasimu ya Katiba ya India, iliyoanza kutumika tarehe 26 Januari 1950, na ibara yake ya 17 inafuta utengano wa kutoguswa kwa namna zote. Mwaka 1989 Bunge lilitunga sheria nyingine kali dhidi ya ukatili kwa jamii hizo, jambo linaloonyesha kwamba ibara peke yake haikutosha.

Unapokutana na Mhindu mwenyewe

Masomo yakikamilika, tafuta watu. Usimuulize mtu tabaka lake. Kwa wengi swali hilo ni kama kuulizwa kipato, na kwa Dalit linaweza kuwa la hatari zaidi ya adabu. Anza na desturi, kwa kuwa mtu huieleza kazi ya mikono yake kwa urahisi kuliko kanuni za imani. Mazishi yanafaa zaidi, ikiwa msibani umealikwa na umefika kwa heshima, nguo nyeupe na viatu vimevuliwa pale wenzako walipovua. Mwili huchomwa, kisha katika siku zinazofuata, mpaka karibu ya 12 au ya 13, familia hutoa pinda, matonge ya wali, ili aliyefariki atoke katika hali ya preta, roho isiyo na makao, na kujiunga na pitri, wazee waliotangulia. Kila mwaka, katika nusu mwezi iitwayo Pitru Paksha, wazee hao hulishwa tena, na wapo wanaosafiri hadi Gaya kwa ajili yake.

Hapo utagundua swali ambalo vitabu hulikwepa: ikiwa babu amekwisha kuzaliwa tena, anayelishwa ni nani? Muulize mzee wa familia, si kwa kumtega, ukimtanguliza kwa jina lenye bhai (kaka) au ben (dada) kama Wagujarati wanavyoitana, na umpe nafasi ya kufikiri. Wapo watakaokuambia kwamba chakula humfikia babu kwa namna inayofaa umbo alilo nalo sasa, wapo watakaosema kwamba ni deni la mtoto bila kujali babu yuko wapi, na wapo watakaocheka na kusema kwamba mama yao alifanya hivyo. Andika majibu yote kama yalivyosemwa, ukiweka kando ya kila jibu jamii ya msemaji, mahali ukoo wake ulipotoka na kizazi chake hapa, lakini bila jina lake, na uyapeleke darasani kabla hujawapa wanafunzi ufafanuzi wako.